Benchi la Vibrio Dodoma: Shajara ya Wiki Kumi na Mbili

Kabla ya wiki ya 1

Kazi inayoandikwa humu ni moja: kusimika hapa Dodoma kipimo kinachoonyesha kama damu ya mtu aliyekunywa chanjo ya kipindupindu inaweza kuua vibrio, bakteria wa kipindupindu. Hatutengenezi chanjo. Chanjo ipo, na hesabu ya dozi zilizonywewa hupatikana jioni ya siku hiyo hiyo ya kampeni. Kilichofanyika ndani ya damu hakijulikani mpaka seramu (majimaji ya damu yanayobaki damu ikishaganda) ifike kwenye benchi lenye bakteria hai, komplimenti nzima (protini za damu zinazosaidia kuua bakteria) na mtu anayejua kuvisoma visima, yaani vishimo vidogo vya sahani ya kupimia.

Kipimo chenyewe kina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1894 Richard Pfeiffer, Mjerumani, alionyesha kwamba vibrio wakiingizwa kwenye tumbo la simbilisi mwenye kinga huyeyuka. Mwaka uliofuata Jules Bordet akagundua kuwa kazi hiyo inafanywa na vitu viwili vinavyoshirikiana: kimoja kinahimili joto, na leo tunakiita kingamwili, cha pili kinaharibika kwa joto la nyuzi 55 hivi, nacho ndicho komplimenti. Karibu kila tatizo lililoandikwa hapa chini limetokana na ama kukiua hiki cha pili bila kutaka, ama kukiacha hai mahali kisipotakiwa.

Wiki ya 1. Maji na mvuke

Maji ya bomba ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, na ni maji magumu. Kila anayechemsha chai nyumbani anaujua ukoko mweupe unaoshika ndani ya birika. Ukoko huo huo ulishika koili ya mtambo wetu wa kukeneka maji ndani ya siku chache, na mtambo ukawa unatoa nusu tu ya maji uliyotoa siku ya kwanza. Tiba yake: gramu 50 za asidi ya sitriki katika lita 1 ya maji ya moto, umeme umezimwa, koili izame dakika 30, kisha suuza mara 3 na umwage lita ya kwanza itakayokenekwa. Siki nayo inaondoa ukoko, ila polepole, na harufu yake inakaa.

Kwa nini tunahangaika na maji kabla ya kitu kingine chochote? Kalsiamu na magnesi zilizomo kwenye maji magumu ndizo ioni ambazo komplimenti inazitegemea. Zikizidi leo na kupungua kesho, seramu ile ile itatoa jibu tofauti kila siku, na hakuna atakayejua sababu. Maji yoyote yanayogusa kipimo ni ya kukenekwa, yanatumika ndani ya siku 7, na chupa inaandikwa tarehe.

Otoklevu, chungu cha kuua vijidudu kwa mvuke wa presha, ilitusumbua kwa namna nyingine. Maelekezo yake yanasema: pandisha presha hadi paundi 15, ngoja dakika 15. Hayo ni maelekezo ya usawa wa bahari. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya bahari, na hewa ya hapa inakandamiza kwa kilopaskali 89 hivi badala ya 101. Saa ya presha inapima tofauti kati ya ndani ya chungu na hewa ya nje, kwa hiyo ikisoma paundi 15 hapa, mvuke wa ndani uko karibu nyuzi 119, haujafika 121. Nyuzi 2 ni chache machoni, lakini mbegu za bakteria wa udongo zinazitumia kupona. Tumepanda hadi paundi 17, na tunathibitisha kila Jumatatu kwa karatasi yenye mbegu za Geobacillus stearothermophilus iliyowekwa katikati ya mzigo. Kama mchuzi wa karatasi hiyo umegeuka rangi baada ya kukaa kwenye inkubeta (kabati la joto la kuoteshea), mzigo wote wa wiki unarudiwa.

Kwa sababu hiyo hiyo maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Hilo halina madhara kwa agari (uji unaoganda, wa kuoteshea bakteria) za kuchemsha tu, maadamu chembe zote zimeyeyuka.

Wiki ya 2. Agari, vumbi, na vibrio wa kujifunzia

Mchuzi wa peptoni wa alkali: peptoni gramu 10, chumvi ya kawaida gramu 10, maji lita 1, pH ipandishwe hadi 8.5 kwa sodiamu haidroksaidi, kisha otoklevu. pH ipimwe tena mchuzi ukishapoa, maana hushuka kidogo kwenye joto. Vibrio anapenda alkali kuliko bakteria wengi wa utumbo, na hapo ndipo anapowaacha nyuma. Ila anawaacha kwa saa 6 hadi 8 tu. Mchuzi ukilala hadi asubuhi, wengine wanamfikia na kumfunika. Kwa hiyo sampuli ya saa 9 alasiri ina maana mtu wa zamu atakuwepo saa 4 usiku, na kama hayupo, bora sampuli ikae kwenye Cary-Blair, kihifadhi cha kusafirishia sampuli, hadi kesho kuliko kuilaza kwenye peptoni.

TCBS, agari ya kumchuja vibrio kutoka kwa bakteria wengine, haiingii otoklevu kabisa. Inachemshwa huku ikikorogwa, inapozwa hadi nyuzi 50, inamwagwa. Aliyeizoea agari nyingine mkono wake unaenda wenyewe kwenye otoklevu, na sahani zinazotoka zina rangi ya kijani iliyofifia ambazo hata vibrio mwenyewe anaota kwa shida. Tumebandika karatasi nyekundu kwenye kopo.

Vumbi la Dodoma ni adui anayestahili kupewa kipengele chake. Kuanzia Juni upepo unavuma mchana kutwa, na kila dirisha lililofunguliwa linaleta Bacillus, bakteria wa udongo, kwenye sahani: makoloni (vikundi vya bakteria walioota pamoja) makavu, yenye kingo zilizopasuka kama udongo wa mbuga. Tunamwaga agari kuanzia saa 12 asubuhi kabla upepo haujaamka, meza inafutwa kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, feni imezimwa, na sahani 2 kati ya kila 50 zinalazwa tupu kwenye inkubeta usiku kucha. Kitu kikiota kwenye tupu, kundi lote linatupwa. Ukavu nao unaumiza: sahani iliyoachwa nje ya mfuko inapoteza maji, agari inakuwa nyembamba na kupasuka pembeni. Zinafungwa kumi kumi kwenye nailoni, uso ukiangalia chini, kwenye jokofu la nyuzi 4.

Bakteria wa kupimia ni aina ndogo mbili za vibrio, Ogawa na Inaba, wote wa kundi la O1, tawi la El Tor. Kwenye TCBS wanatoa makoloni ya njano, bapa kidogo, milimita 2 hadi 4 baada ya saa 18 hadi 24, kwa sababu wanachachusha sukari ya mezani. Njano peke yake haitoshi. Koloni linahamishiwa kwenye agari isiyochuja, ndipo tunafanya jaribio la kimeng'enya cha oksidesi (ukiifanya moja kwa moja kutoka TCBS inadanganya), kisha jaribio la uzi: tone la sodiamu deoksikoleti ya asilimia 0.5, koroga koloni ndani yake, vuta kwa kitanzi. Vibrio anapasuka, vinasaba vyake vinamwagika, na matone yanavutika kama bamia. Mwisho ni seramu ya kumtambua O1, halafu ya Ogawa na ya Inaba kila moja peke yake. Hayo yote hurudiwa kila tunapofungua kichupa kipya kutoka friza, hata kama lebo inaeleweka.

Usalama: kila kilichogusa bakteria kinalowekwa kwenye klorini ya asilimia 0.5. Jiki ya asilimia 3.5 ni kipimo 1 kwa maji vipimo 6. Unga wa klorini wa asilimia 70 ni gramu 7 kwa lita. Unakorogwa kila asubuhi. Wa jana umeshachoka.

Wiki ya 3. Komplimenti imekufa

Komplimenti ya simbilisi ilifika ikiwa unga mkavu, ikayeyushwa na kugawanywa kwenye vichupa vya mililita 0.5, ikawekwa friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Jumatano usiku umeme ulikatika, jenereta ikawaka, lakini soketi ya friza ilikuwa kwenye laini isiyolishwa na jenereta. Hakuna aliyejua mpaka kipimajoto kinachoandika kilipofunguliwa asubuhi: mstari ulikuwa umepanda hadi nyuzi 9 chini ya sifuri, kisha ukashuka tena. Vichupa vilionekana kama kawaida, vimeganda, vyeupe, vizuri. Hiyo ndiyo hatari yake. Komplimenti iliyopata joto kisha ikapoa tena haina alama yoyote ya nje.

Tumeipima. Seramu ya ulinganisho ambayo inapaswa kuua vibrio haikuua kitu, kisima kikawa na ukungu sawa na kile kisicho na seramu. Vichupa vyote 40 vimetupwa. Soketi imehamishiwa laini ya jenereta, kuna kikata umeme cha kuilinda mota pale umeme unaporudi kwa kishindo, na kila friza ina sarafu juu ya kikombe cha barafu. Sarafu ikizama, barafu iliyeyuka, hata kama kipimajoto kimeishiwa betri.

Komplimenti mpya ilipopatikana, kabla ya kuitumia tuliipima nguvu: asilimia 5, 10, 15, 20 na 25, kila moja na seramu inayoua na bila seramu. Tunatafuta kiwango ambacho seramu inayoua inafanya kazi yake yote, lakini komplimenti peke yake haiwagusi vibrio. Simbilisi wengine wana kingamwili zao za asili, na komplimenti ikizidi inaanza kuua yenyewe, hapo kila mgonjwa na kila mzima anaonekana ana kinga. Kundi hili tumelipa asilimia 20. Kundi lijalo litapimwa upya.

Wiki ya 4 hadi ya 6. Sahani

Wiki hizi tatu zimeandikwa pamoja kwa sababu zilikuwa sahani ile ile, ikirudiwa mpaka itoe jibu moja.

Seramu inapashwa nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kuua komplimenti ya binadamu aliyeitoa. Maji ya beseni yawe juu kuliko seramu iliyo ndani ya tyubu, na saa ihesabiwe kuanzia tyubu ya mfano yenye maji na kipimajoto cha kioo inapofika 56. Taa ya beseni isiaminiwe. Beseni letu lilikuwa linaandika 56 huku kioo kikisoma 53. Kwa nyuzi hizo baadhi ya komplimenti ya mtu inabaki hai, inaongezeka kwenye ya simbilisi, na namba zinapanda bila haki. Ukipita 60, seramu inaanza kuganda kama ute wa yai na kingamwili zenyewe zinaumia. Sehemu kubwa ya kazi ya kuua vibrio inafanywa na IgM, aina mojawapo ya kingamwili, na IgM ni dhaifu mbele ya joto na mbele ya kugandishwa mara kwa mara. Kwa hiyo seramu inagawanywa vichupa 3 siku inayofika, na hakuna kichupa kinachorudi friza.

Mpangilio wa sahani ya visima 96: visima vya kingo zote nne tunavijaza maji ya chumvi mikrolita 200 na hatuvitumii. Mwanzoni tulivitumia, na visima vya pembeni vilisoma juu kuliko vya katikati kila siku. Sababu ni ukavu wa hewa ya huku: maji yanatoka pembeni kwanza, mchuzi unakuwa mzito. Vinabaki visima 60 vya ndani, safu B hadi G, mistari 2 hadi 11.

Seramu inapunguzwa nguvu kwanza 1 kwa 5 kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Mstari wa 2 unapata mikrolita 50 zake. Mistari ya 3 hadi 10 inakuwa imeshapata mikrolita 25 za maji ya chumvi. Chukua 25 kutoka mstari wa 2, peleka wa 3, changanya mara 6, chukua 25 peleka wa 4, na kuendelea. 25 za mwisho zinatupwa. Bakteria wakishaongezwa, mstari wa 2 unakuwa 1 kwa 10, na wa 10 unakuwa 1 kwa 2,560. Badilisha ncha ya pipeti kila hatua. Tulijaribu kubana matumizi kwa ncha moja kwa safu nzima, na seramu iliyong'ang'ania ukuta wa ncha ikabebwa mbele. Seramu iliyopaswa kutoa 320 ilitoa 1,280. Ncha 8 zilizookolewa zinagharimu sahani nzima.

Kila seramu inapewa safu 2. Safu 2 ni za ulinganisho, safu 2 ni damu ya mtu kabla ya chanjo, safu 2 ni damu yake baada ya chanjo. Damu za mtu mmoja zikae sahani moja siku moja, maana tunachotafuta ni tofauti kati yake na yeye mwenyewe. Mstari wa 11 una vibrio na komplimenti bila seramu kwenye B, C na D, vibrio bila komplimenti kwenye E na F, na mchuzi mtupu kwenye G.

Bakteria: koloni kutoka agari ya usiku linaingia BHI (mchuzi wa ubongo na moyo wa mnyama), linatikiswa kwenye nyuzi 37 mpaka liwe linakua kwa kasi, linazungushwa kwenye sentrifuji, linaoshwa kwa maji ya chumvi na kurekebishwa mpaka ukungu wake kwenye mwanga wa nanomita 600 usome 0.3. Vibrio waliokomaa na kuacha kukua ni wabishi kufa, kwa hiyo mchuzi wa usiku kucha hautumiki. Mchanganyiko wa sahani moja: bakteria mililita 0.2, komplimenti mililita 0.4, maji ya chumvi mililita 1.4, vyote juu ya barafu, komplimenti ikiingia ya mwisho. Mikrolita 25 kila kisima, isipokuwa E11, F11 na G11. Kuanzia komplimenti inapoingia hadi kisima cha mwisho kinapojazwa tumejiwekea dakika 10.

Saa 1 kwenye nyuzi 37, ikitikiswa taratibu. Kisha mikrolita 150 za BHI kila kisima ili walionusurika waongezeke na waonekane. Kisha kusubiri, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Hatusomi kwa saa ya ukutani. Tunasoma pale B11, C11 na D11 zinapofika kati ya 0.20 na 0.28 kwenye mwanga wa nanomita 595, jambo ambalo huchukua saa 2 hadi 4. Ukisoma mapema, hai na mfu wanafanana. Ukichelewa, wachache walionusurika wanazaliana mpaka wanawafikia wenzao, na seramu nzuri inaonekana haina kazi.

Hesabu: wastani wa visima vya ulinganisho ukiwa 0.26 na mchuzi mtupu 0.04, ukuaji halisi ni 0.22, nusu yake 0.11. Myeyusho wa mwisho ambao bado uko chini ya 0.11 baada ya kutoa mchuzi mtupu ndio jibu, na namba yake tunaiita taita. Safu mbili za seramu moja zikitofautiana zaidi ya hatua moja, zinarudiwa. Taita ikipanda mara 4 au zaidi baada ya chanjo, mfano kutoka 20 hadi 80, tunasema mwili umeitikia.

Tahadhari moja iliyokaribia kutupita. Mtu aliyemeza azithromaisini au doksisaikilini siku chache kabla ya kutoa damu anayo dawa hiyo ndani ya seramu, na dawa inazuia vibrio bila msaada wa kingamwili wala komplimenti. Kipimo kinamhesabu ana kinga kubwa. Siku hizi kila seramu inajaribiwa pia kwenye ukanda wa pembeni, 1 kwa 10, na vibrio bila komplimenti. Vibrio wakishindwa kukua hapo, jibu la seramu hiyo halitolewi.

Mwisho wa wiki ya 6 seramu ya ulinganisho imetoa taita ile ile, ikipishana hatua moja tu, kwa siku 5 mfululizo na mikono 3 tofauti. Hapo ndipo tuliposema kipimo kipo.

Wiki ya 7. Sumu na mlango wake

Kuua vibrio ni nusu ya kinga. Kinachomkausha mgonjwa ni sumu, na waliotufundisha kuipima walitumia maisha yao humo. Sambhu Nath De alionyesha mwaka 1959 kule Kolkata, kwa utumbo wa sungura uliofungwa kwa uzi, kwamba majimaji ya vibrio yasiyo na vibrio mwenyewe yanatosha kuujaza utumbo maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jan Holmgren na wenzake wa Gothenburg, Uswidi, waliupata mlango wa sumu hiyo: mafuta ya ukuta wa seli yanayoitwa gangliosidi GM1. Sumu ina kipande A kimoja kinachodhuru na vipande B vitano vinavyoshika GM1. B peke yake haidhuru, lakini inaufundisha mwili.

Kwa hiyo wakaiweka B kwenye chanjo. Jaribio kubwa lilianza Matlab, Bangladesh, mwaka 1985: chanjo yenye vibrio waliouawa pamoja na B ilikinga asilimia 85 katika miezi 6 ya mwanzo, yenye vibrio peke yake asilimia 58, ila kwa miaka 3 yote kwa jumla zote mbili zilikuwa karibu asilimia 50. Namba hizo zimeamua mengi. Vietnam, chini ya Dang Duc Trach, iliamua kuiacha B na kutengeneza chanjo nafuu ya vibrio peke yao, na kutoka kwenye kizazi hicho zimetokea Shanchol, ambayo utengenezaji wake umeshasimama, na Euvichol tunayoiona leo ikija na mililita 1.5 za kumimina mdomoni. Chanjo ya Uswidi, Dukoral, ina B, na inanywewa na maji yaliyochanganywa na bikaboneti kwa sababu asidi ya tumbo inaiharibu B. Ndiyo iliyonyweshwa Zanzibar mwaka 2009: karibu watu 24,000 walimaliza dozi 2, na kinga ilipimwa kuwa asilimia 79. Kwa maoni yetu kampeni ile ya visiwani ndiyo iliyoonyesha wazi zaidi hapa nchini kwamba chanjo ya kunywa inawezekana kwenye jamii nzima, na ingefaa isomeshwe kwa kila mratibu wa chanjo wa mkoa.

Ann-Mari Svennerholm, mwenzake Holmgren wa muda mrefu, ndiye aliyeupeleka ujuzi huo kwa E. coli wa kuhara, bakteria mwingine wa utumbo, ambaye sumu yake moja inafanana sana na ya kipindupindu na inaingia kwa mlango ule ule.

Kwa benchi letu faida yake ni hii: Euvichol haina B. Aliyechanjwa nayo akapata kingamwili za kuua vibrio lakini hana ongezeko la kingamwili za B, hiyo ni kazi ya chanjo. Akiwa nazo zote mbili zimepanda, kuna uwezekano mkubwa amekutana na vibrio mwenyewe, au E. coli yule. Mahali ambapo kampeni inafanyika katikati ya mlipuko, kipimo kimoja hakiwezi kuwatenganisha watu hao.

Wiki ya 8. ELISA ya GM1

ELISA ni kipimo kinachoonyesha kingamwili kwa rangi. GM1 ya 0.3 nanomoli kwa mililita kwenye PBS (maji ya chumvi yenye pH isiyoyumba), mikrolita 100 kila kisima, ilale usiku kwenye joto la chumba. Osha. Albumini ya ng'ombe asilimia 0.1 kuziba nafasi zilizobaki, dakika 30 kwenye nyuzi 37. Kipande B, mikrogramu 0.5 kwa mililita, saa 1. Osha. Seramu kwa miyeyusho, dakika 90. Osha. Kingamwili iliyobeba kimeng'enya, kisha dawa ya rangi yenye haidrojeni peroksaidi mpya, soma nanomita 450.

Lililoharibika: visima vyote vilitoka njano, hata visivyo na seramu. Tuliishuku albumini, tukaibadilisha, bila mafanikio. Kosa lilikuwa kwenye kuosha. PBS ilikuwa imetengenezwa bila Tween, aina ya sabuni, na chupa ya kupulizia ilikuwa inaacha tone kwenye kila kisima kwa sababu sahani haikugongwa juu ya karatasi baada ya kumwagwa. Tangu hapo ni kuosha mara 3, kugonga mara 3. Kila sahani ina visima 4 vyenye GM1 bila B. Vikipata rangi, seramu inaishika sahani badala ya B na jibu halihesabiwi.

Wiki ya 9 na ya 10. Siku za kutoa damu

Ratiba ya chanjo ni dozi 2, wiki 2 katikati, kuanzia umri wa mwaka 1. Ila tangu Oktoba 2022, kwa uhaba wa chanjo duniani, akiba ya dharura imekuwa ikitolewa dozi 1 kwenye milipuko. Hilo limetubadilishia mpango. Damu ya siku ya 0 na ya siku ya 14 ni lazima. Ya siku ya 28 ni kwa waliopata dozi ya 2 tu. Jaribio la Dhaka lililochapishwa 2016 kwa watu zaidi ya 200,000, likiongozwa na Firdausi Qadri, lilionyesha kwamba dozi 1 inawasaidia wakubwa, lakini kwa walio chini ya miaka 5 kinga haikuonekana. Kwa hiyo fomu yetu inaandika umri kwa miezi kwa watoto hao, na matokeo yao hayachanganywi na ya wakubwa kwenye jedwali moja.

Watoto wa huku wana sababu nyingine ya kuangaliwa peke yao. Utumbo unaopata maambukizi mfululizo unakuwa na uvimbe wa kudumu na unapokea chanjo za kunywa kwa udhaifu. Haydom, jirani zetu wa Manyara, ilikuwa moja ya vituo 8 vya utafiti wa MAL-ED uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa, na bakteria wa utumbo walikutwa kwa wingi hata kwenye vinyesi vya watoto wasioharisha.

Tunachokiandika juu ya kila ripoti, kwa herufi kubwa: taita ni ishara. Kinga yenyewe iko kwenye ute wa utumbo, ambako IgA, kingamwili ya utando wa ndani, inafanya kazi, na damu inatupa habari zake kwa mbali. Hakuna taita ambayo juu yake mtu amesalimika. Pia inashuka ndani ya miezi michache huku kinga ikiendelea, kwa hiyo damu ya mwezi wa 12 yenye taita ndogo isisomwe kama chanjo imekwisha.

Wanaoanza na taita kubwa siku ya 0 mara nyingi hawapandi mara 4. Hao wamekutana na vibrio zamani, na Dodoma imepitia kipindupindu, ukiwemo mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi ya bara. Waripotiwe peke yao. Ukiwaingiza kwenye asilimia ya walioitikia, chanjo nzuri itaonekana mbaya.

Chanjo yenyewe: nyuzi 2 hadi 8, isigande. Kibebeo cha kwenda Chamwino au Bahi kinapakiwa pakiti za barafu zilizoachwa nje mpaka zisikike maji yakicheza ndani. Pakiti ngumu iliyotoka friza moja kwa moja inaigandisha chanjo iliyo jirani nayo hata kwenye joto la Oktoba.

Wiki ya 11

Maombi ya kibali cha maadili yako NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Hakuna damu ya mtu aliyechanjwa itakayoingia benchini kabla ya jibu. Tumetumia muda kuandaa vibrio wa akiba: vichupa 60, gliseroli asilimia 20, nusu friza hii na nusu jengo jingine.

Wiki ya 12. Shigela

Sahani ile ile inaweza kupima seramu dhidi ya Shigela, bakteria wa kuhara damu, kwa komplimenti ya mtoto wa sungura badala ya simbilisi. Tumeanza na S. sonnei na S. flexneri 2a. Anataka uangalifu zaidi kuliko vibrio, maana bakteria 10 hadi 100 wanatosha kumuumiza mtu mzima, ilhali vibrio wanahitajika maelfu na zaidi. Glavu 2, na hakuna kupuliza pipeti.

Tatizo la kwanza limeshajitokeza. S. sonnei akipandwa mara kwa mara kwenye agari anapoteza plasmidi (kipande cha vinasaba cha pembeni) yenye maelekezo ya sukari yake ya nje, makoloni laini yanageuka mapana yenye kingo za mikwaruzo. Aliyegeuka hivyo anauawa na seramu yoyote, hata ya asiye na kinga, kwa sababu hana tena kile ambacho kingamwili zinakitafuta wala kile kinachomkinga. Sahani ya Jumanne ilikuwa na makoloni 9 mapana kati ya 30 hivi. Tumechagua laini 5, tumezijaribu kwa seramu ya kundi D, zote zimegandamana, na zimeingia friza zikiwa zimepandwa mara moja tu. Kesho zinatolewa 2 kwa ajili ya kupima nguvu ya komplimenti ya sungura, kuanzia asilimia 5.